Tufike Kwenye Mkutano wa Utaratibu Kabla Mambo Hayajafungwa



Katika ziara zetu za matawi, kutoka mashamba ya miwa ya Busoga hadi viwanda vya Mbale, tunaulizwa swali moja: reli mpya itakapopita, barabara itakapopanuliwa, nguzo za umeme zitakaposimamishwa, mfanyakazi atapata nini? Swali ni la haki. Lakini mara nyingi linaulizwa siku ambayo mthamini amekwisha kupita na kitabu chake, wapimaji wamekwisha kupigilia vigingi, na majina ya watakaolipwa yamekwisha kupelekwa Kampala. Siku hiyo tukipaza sauti tunajibiwa kwa upole kwamba jambo hilo liliamuliwa zamani, na kama tulikuwa na neno tungelisema wakati wake.

Wakati wake, ndugu, ni ule mkutano mdogo wa mwanzo ambao watu wengi hawaendi. Hauna ngoma, hauna waziri, hauna soda. Ni mkutano wa kupanga jinsi maombi ya mradi yatakavyochunguzwa: nani ataitwa, nani ataandikwa kuwa ameguswa na mradi, makaratasi yatasomwa wapi na kwa lugha gani, maoni ya watu yatasikilizwa lini na saa ngapi, nani atakalia kiti. Sisi tunauita mkutano wa utaratibu. Wenye miradi hupenda upite kimya.

Kwa watu wa chama jambo hili si geni. Kila mjumbe wa tawi anajua kwamba majadiliano na mwajiri hayaanzi na mshahara. Kabla ya kugusa shilingi moja tunakaa kupatana namna ya kupatana. Wajumbe wangapi kila upande, nani anaandika kumbukumbu, mjumbe wa zamu ya usiku atapewa ruhusa au atakatwa siku, vitabu vya hesabu vitaonyeshwa au havitaonyeshwa. Vijana hulalamika kwamba tunapoteza muda. Kiwanda kimoja, ambacho hatutakitaja, kiliwahi kutuwekea majadiliano saa nne asubuhi siku ya mshahara, watu wa zamu ya usiku wamelala na watu wa mchana wamepanga foleni dirishani. Karani wa kampani aliandika kumbukumbu peke yake, tena kwa Kiingereza. Tulizungumza siku tatu juu ya posho ya usiku, na kumbukumbu zilipotoka siku zote tatu zilikuwa mstari mmoja: chama kilieleza maoni yake. Basi. Tangu hapo tawi lile halikai mezani mpaka iandikwe kwanza nani anashika kalamu.

Miradi ya mabwawa, reli na barabara ni vivyo hivyo, isipokuwa meza ni kubwa zaidi na walioketi upande wa pili wana mawakili.

Waingereza, waliotuachia sheria nyingi, kwao wameliandika jambo hili waziwazi. Kwa Sheria yao ya Mipango ya 2008, mradi mkubwa wa taifa ukiombewa kibali, kama kituo cha umeme au njia ya reli, wachunguzi huitisha kwanza mkutano wa awali. Katika mkutano huo haijadiliwi kama mradi ni mzuri au mbaya. Hujadiliwa jinsi utakavyochunguzwa: mambo makubwa ya kuangalia ni yapi, maandishi yawe yamefika tarehe gani, vikao gani vifanyike, wachunguzi watembelee mahali penyewe lini. Mkutano ukishafungwa, uchunguzi una miezi 6 tu, na ratiba iliyotoka ndiyo inayofuatwa. Mwananchi anayetaka kuhesabiwa lazima awe amejiandikisha mapema, akieleza kwa maandishi mradi unamhusu vipi.

Kwetu Uganda sheria haina mkutano wenye jina hilo, lakini kazi yake ipo, imegawanywa vipande. Sheria ya Mazingira ya 1995 ndiyo iliyoiweka NEMA, na kanuni za 1998 zikaeleza jinsi ya kupima athari za mradi. Watu wengi hawakujua yaliyomo, nasi tunaona ni vizuri kuyataja. Kanuni zile zilimtaka mwenye mradi autangaze kwa muda usiopungua siku 14, kwa lugha wanayoielewa watu watakaoguswa, aeleze faida zake na madhara yake. Siku 14 zikiisha ndipo afanye mikutano na watu. Tena mahali na saa za mikutano ziwe zinawafaa watu wenyewe, na zipatanwe na viongozi wa LC. Someni tena hapo, ndugu: saa za mkutano zipatanwe. Maana yake saa ya mkutano haikuwa amri ya kampani, ilikuwa jambo la kujadili. Na pale ambapo NEMA iliona haja ya kusikiliza watu hadharani, kanuni zilisema mtu yeyote aweza kufika mwenyewe au kwa mwakilishi wake. Mwakilishi ni nani kama si chama?

Sheria ile ya 1995 iliondolewa na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019, na kanuni mpya za tathmini ya mazingira na jamii zikatoka 2020. Kwa hiyo katibu wa tawi asihesabu siku kwa karatasi ya zamani. Apate kanuni mpya, azisome na wajumbe wake, na asiyeelewa Kiingereza cha kisheria asione haya kumtafuta mwalimu au wakili amsomee.

Turudi nyuma kidogo tuone tulikotoka. Bwawa la Owen Falls hapa Jinja, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Uingereza mwezi Aprili 1954. Maporomoko ya Ripon yalizama. Viwanda vilikuja kwa ajili ya umeme ule: Nyanza Textile, kiwanda cha kuyeyusha shaba ya Kilembe, na vingine vilivyowapa baba zetu kazi. Hatusemi bwawa lile lilikuwa baya. Tumekula kwa sababu yake. Lakini nani aliulizwa? Serikali ya Kikoloni Entebbe iliulizwa. London iliulizwa. Hata Misri iliulizwa, kwa kuwa maji ya Nile yanakwenda kwao, na katika barua zilizoandikiana Uingereza na Misri kuanzia 1949 Wamisri walipata haki ya kuweka mhandisi wao Jinja aangalie maji yanavyofunguliwa. Msoga aliyevua samaki kwenye maporomoko yale hakupata kiti. Mtu wa Kairo, maelfu ya maili kutoka hapa, alikuwa ndani ya utaratibu, na mtu wa ng'ambo ya mto alikuwa nje yake. Mtu wa Kairo alipata kwa sababu alidai nafasi yake kabla ya zege kumwagwa.

Bujagali ni hadithi ndefu zaidi, na kwa mfanyakazi ina mengi ya kujifunza. Mazungumzo ya kujenga bwawa pale yalianza 1994, kampani ya Kimarekani AES ikishirikiana na kundi la Madhvani. Umeme ulianza kutoka 2012, na bwawa likazinduliwa rasmi Oktoba mwaka ule, megawati 250. Hesabuni wenyewe: miaka 18. Mtoto aliyezaliwa mazungumzo yalipoanza alikuwa amefikia umri wa kupiga kura.

Kwa nini miaka 18? Sababu si moja, na asemaye ni moja anawadanganya. Kulikuwa na mambo ya fedha za kampani yenyewe, kulikuwa na tuhuma za rushwa zilizochunguzwa, kulikuwa na mabishano ya gharama. Lakini sehemu kubwa ya kelele ilihusu utaratibu. Julai 2001 Waganda kutoka vyama vya mazingira, NAPE wakiwa mbele, walipeleka malalamiko kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Hawakulalamikia maji na mawe tu. Walilalamika kwamba makaratasi makubwa yamefichwa, kwamba watu wanaitwa kutoa maoni juu ya mkataba wasiouona, na kwamba mambo ya mizimu ya Budhagali, ambayo kwa Wasoga wengi ni mambo mazito, hayakupewa uzito wake. Desemba 2001 Benki iliukubali mradi hata hivyo. Mwaka 2003 AES ilijitoa ikaondoka.

Hapa tuwe wakweli. Sisi wa viwandani tuliumia na kuchelewa kule. Ukame ulipokuja na ziwa kupungua, miaka ya 2005 na 2006 umeme ulikuwa wa kugawana. Mashine zilisimama, zamu zikapunguzwa, vibarua wakaambiwa warudi nyumbani wangoje. Wako wenzetu waliosema, na bado wanasema, kwamba wanaharakati wa Kampala waliokwamisha bwawa walikuwa na jenereta nyumbani kwao. Hatulichukui neno hilo lote, lakini hatulitupi pia. Mfanyakazi anataka umeme. Anataka reli, kwa maana sukari na saruji na nguo zinasafiri. Chama hakiendi kwenye mkutano wa utaratibu kwa ajili ya kuzuia kazi. Kinakwenda kwa sababu mradi ulioanza kwa kuficha makaratasi huja kusimama katikati ya njia, na ukisimama, wa kwanza kurudishwa nyumbani ni kibarua.

Mradi ulipofufuliwa na Bujagali Energy, malalamiko mengine yalipelekwa Machi 2007, na Aprili Benki ikakubali tena. Familia zilizohamishwa wakati wa AES na kupelekwa Naminya zilikuwa zimeachwa na ahadi nusunusu, AES ikiwa imeondoka, na hati za ardhi zilichukua miaka mingi kupatikana. Nani angemdai nani? Aliyeahidi alikuwa hayupo.

Na ujenzi ulipokuwa ukiendelea, mwaka 2011, watu waliokuwa wameajiriwa kwenye ujenzi ule walipeleka malalamiko kwenye ofisi ya usuluhishi ya mashirika ya Benki ya Dunia kule Washington, wakisema waliumia kazini na hawakulipwa inavyostahili. Tufikirie jambo hili. Mtu ameumia Jinja, sheria ya fidia kwa wafanyakazi ipo Uganda, ofisi ya kazi ipo Jinja, naye anaandika barua Marekani. Wakati mradi unachunguzwa, mambo yaliyojadiliwa sana yalikuwa samaki, maporomoko, utalii wa mashua, bei ya umeme. Yote ni mambo ya maana. Lakini mfanyakazi atakayejenga lile bwawa alizungumziwa kama idadi: kazi elfu kadhaa zitapatikana. Akishaumia nani atampeleka hospitali, kampani ndogo iliyomwajiri ikimaliza mkataba ikaondoka nani atajibu, hayo ndiyo maswali ambayo chama kingeyatia kwenye orodha kama kingekuwapo siku orodha inaandikwa.

Liko na jambo la Kalagala. Ili Bujagali ijengwe, serikali iliahidi kwa maandishi, katika mapatano na Benki, kwamba maporomoko ya Kalagala yatahifadhiwa yasiguswe. Kisha likaja bwawa la Isimba, megawati 183, lililozinduliwa Machi 2019, na maji yake yakaingia katika sehemu ya eneo lile, mapatano yakabidi yabadilishwe. Hata ahadi iliyotiwa sahihi inahitaji mtu wa kuikumbusha.

Sasa juu ya makaratasi. Chama kimoja cha wanasheria wa mazingira, Greenwatch, kilikwenda Mahakama Kuu kudai kuonyeshwa mkataba wa kununua umeme wa Bujagali. Mwaka 2002 Jaji Egonda-Ntende alisema mkataba ule ni karatasi ya umma. Watu wakashangilia. Lakini hukumu iliendelea: ibara ya 41 ya Katiba inampa haki ya kupata habari raia, na Greenwatch haikuthibitisha kwamba yenyewe ni raia. Kwa hiyo karatasi ni ya umma, lakini wewe uliyeiomba hupewi. Ndugu, huo ndio utaratibu. Walishinda hoja wakakosa karatasi, kwa sababu ya jina lililoandikwa juu ya ombi.

Tangu 2005 ipo Sheria ya Kupata Habari, nayo inamtaka ofisa wa serikali ajibu ombi katika siku 21. Sisi tumejifunza hivi: barua ya kuomba makaratasi ya mradi iandikwe kwa jina la chama, lakini chini yake watie sahihi wanachama wawili watatu kwa majina yao wenyewe, wakitaja kwamba ni raia wa Uganda. Mashambani mwetu wako wenzetu waliotoka Kenya, Kongo na Sudan, tunakula nao posho moja na kukata miwa mstari mmoja. Hao watusaidie kwa mengine, lakini kwa barua hiyo tutafute wenye kitambulisho cha taifa, tusimpe karani sababu.

Majirani zetu wa Kenya wana mfano mwingine, tena wa ushindi. Huko Lamu, pwani, kulipangwa kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050. NEMA ya Kenya ilitoa kibali Septemba 2016. Watu wa Lamu, kupitia Save Lamu, walikata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Rufaa la Mazingira lilifuta kibali. Mwenye mradi alileta ushahidi wa mikutano: picha, orodha za mahudhurio, sahihi. Lakini baraza liliangalia mikutano ile ilifanyika lini. Ilikuwa mikutano ya mwanzo ya kuutambulisha mradi, kabla ripoti ya madhara haijawa tayari. Ripoti yenyewe ilipotoka, yenye habari za moshi na majivu na maji ya moto yatakayoingia baharini, watu hawakurudishiwa wakaelezwa na kuulizwa. Baraza likaona kwamba huko si kushirikisha watu.

Tunawaomba makatibu wa matawi walishike jambo hilo la orodha ya mahudhurio. Mnapoitwa kwenye mkutano wa mradi, kitu cha kwanza kupitishwa ni daftari la kutia sahihi, na nyuma yake wakati mwingine bahasha ya nauli. Hatukatai nauli, watu wametoka mbali. Lakini ile sahihi yako itakwenda Kampala ikasomwe kwamba uliulizwa. Kabla ya kutia kalamu someni kichwa cha ukurasa: pameandikwa nini pale juu? Kama pameandikwa kwamba mmeelezwa madhara na hamjaelezwa, andikeni kando ya jina, kwa lugha yoyote: nimefika, sijaelezwa.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuuma zaidi, sisi wa mashambani.

Oktoba 2024 serikali ilitia sahihi mkataba na Yapi Merkezi ya Uturuki kujenga reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272. Njia yake inakatiza Busoga, nchi ya miwa. Na barabara kubwa ya Kampala–Jinja imepangwa kwa miaka mingi. Katika mambo haya yote mtu anayelindwa vizuri na sheria ni mwenye ardhi. Katiba, ibara ya 26, inasema mali ya mtu haichukuliwi kabla hajalipwa fidia ya haki na ya kutosha. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliitilia nguvu, katika kesi iliyoihusu Mamlaka ya Taifa ya Barabara ya wakati ule: serikali haiwezi kuingia kwanza na kulipa baadaye. Hukumu nzuri sana kwa mwenye kibanja na mwenye hati.

Mkata miwa hana kibanja, ana panga. Anakaa kambini, katika chumba cha kampani. Ardhi ikikatwa, anayelipwa ni mwenye shamba, na mkulima mdogo mwenye eka zake mbili tatu atalipwa miwa iliyosimama. Mkata miwa amepoteza nini? Karatasini, hakuna. Kwa kweli amepoteza siku za kazi katika shamba lililokatwa, bustani ya mboga aliyolima mkewe nyuma ya kambi, njia ya mkato ya watoto kwenda shule, na pengine kisima. Mpakiaji wa matrela, mpalilizi, mama anayewapikia wakataji chai na maandazi shambani, wote ni hivyo hivyo. Mthamini si mtu mbaya. Anahesabu kilichomo ndani ya fomu yake, na fomu ilipangwa katika mkutano ambao hatukuwako.

Kwa hiyo dai letu la kwanza katika mkutano wa utaratibu si fedha. Ni neno. Pale panaposema watu watakaoguswa, paandikwe: wenye ardhi, wenye vibanja, wapangaji, wafanyakazi wa shamba wakaao kambini, vibarua na wachuuzi. Benki ya Dunia, katika viwango vyake vinavyotumika tangu 2018, inakubali kwamba mtu aweza kuondolewa katika riziki yake bila kuondolewa nyumbani. Kiwango hicho kinafunga miradi inayopewa fedha na Benki hiyo tu, na wakopeshaji wengine wana vyao. Basi swali la pili liwe hilo: fedha za mradi huu zinatoka wapi, na mkopeshaji ana kanuni gani? Swali fupi, na jibu lake linatuambia mlango wa kugonga.

Kwa ndugu wa Mbale mambo yana sura nyingine. Huko shamba si neno kubwa, neno kubwa ni chumba cha kupanga. Eneo la viwanda la Wachina, lililozinduliwa na Rais Machi 2018, limeleta kazi, na wafanyakazi wake wanapanga vyumba mitaa ya chini kwa sababu ndiko kodi ndogo. Julai 2022, usiku wa kuamkia tarehe 31, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, zaidi ya watu 20 wakafa, na waliosombewa magodoro na sufuria wengi wao walikuwa wapangaji. Tangu hapo kila mtu anazungumzia mifereji, madaraja na mabwawa madogo ya kuzuia maji, na ni sawa. Lakini mfereji ukipanuliwa nyumba huvunjwa, na nyumba ikivunjwa mwenye nyumba huitwa mkutanoni, mpangaji husikia kwa jirani. Mbale ni jiji tangu Julai 2020, ina ofisi zake za mipango. Tawi la Mbale haliwezi kungoja barua kutoka Jinja. Lijipeleke kwenye ofisi hiyo, lijiandikishe kwa barua kwamba lina wanachama katika mitaa fulani na fulani, na lichukue nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Juu ya saa na lugha hatutasema mengi, kwa kuwa kila tawi linajua kwake. Mkutano wa saa nne asubuhi katikati ya msimu wa kukata miwa ni mkutano wa wasimamizi na wazee. Jumapili mchana, baada ya kanisa, ni afadhali, na kwa Waislamu Ijumaa saa saba isiguswe. Katika kambi moja utakuta Msoga, Mgisu, Mteso, Mwalur na Mganda, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili, hiki hiki cha kwetu. Kusoma muhtasari kwa Lusoga peke yake kunamwacha mtu nje, kusoma kwa Kiingereza kunawaacha karibu wote. Tudai Kiswahili pamoja na lugha ya mahali, tena muhtasari ubandikwe kwenye ofisi ya gombolola na kwenye lango la kambi, si kwenye gazeti la Kampala tu. Na akina mama wapewe nafasi ya kusema wakiwa wenyewe, maana tumeona mara nyingi mama mwenye hoja ananyamaza akimwona nyapara wake ameketi mstari wa mbele.

Halafu kumbukumbu. Mwisho wa mkutano, kabla watu hawajaanza kutafuta bodaboda, mjumbe asimame aombe mambo yaliyokubaliwa yasomwe kwa sauti: tarehe, mahali, lugha, nani wameandikwa, makaratasi yatapatikana wapi. Mjumbe mwingine ayaandike katika daftari la tawi jinsi yanavyosomwa, na mwenyekiti wa mkutano aombwe atie sahihi hapo hapo. Akikataa, iandikwe kwamba amekataa, na saa. Ukurasa huo upigwe picha kwa simu, nakala moja ibaki kwa katibu wa tawi, moja iletwe ofisini Jinja au Mbale ndani ya wiki ile ile. Ofisi itaifungulia faili kwa jina la mradi.